Je, wajua kwa nini ramani ya mawe inafanana na kitenge, na ile T yenye namba inasema nini?

Ndugu yangu mmoja anajenga huku Usa River, chini ya Mlima Meru, juzi kaniletea ramani ya jiolojia, kaikunjua mezani akasema hebu nisaidie, mimi hapa naona kitenge tu. Na kweli, pinki, kijani, njano, mistari inapinda kama mito na sio mito, halafu katikati ya rangi kuna vialama kama herufi T na pembeni kanamba, 10, 12, 35. Yeye shida yake kisima, anataka kujua akichimba atakutana na nini.

Tuanze na rangi maana ndo rahisi. Kila rangi ni mwamba wa aina yake na umri wake, yaani ule ulioko chini, ukitoa udongo na migomba yote. Usihangaike kukariri rangi, nenda kwenye ufunguo pembeni, pale miamba michanga inapangwa juu na mizee chini, kama nguo kwenye sanduku, iliyotangulia kuwekwa iko chini. Nikiwa na ramani mpya naanza na ufunguo kabla hata sijatafuta kwetu ni wapi.

Sasa ile T. Fikiria paa la bati. Mvua ikinyesha maji yanashuka upande mmoja, huo ndo upande bati linapoinamia, na ule mstari wa juu kabisa wa paa umelala sawasawa. Tabaka la mwamba ni hivyohivyo. Mstari mrefu wa T ni ule uliolala kama mgongo wa paa, kijiti kifupi kinaonyesha tabaka linazama kuelekea wapi, na namba ni ukali wa kuzama kwa digrii. Ukiona 10 ni paa la kulala kidogo, ukiona 80 hilo limekaribia kusimama kama ukuta. Kialama kidogo hivyo lakini ndicho kinachokutoa kwenye karatasi kukupeleka chini ya ardhi.

Na mistari kupinda? Hapa ndo wengi tunapotea, mimi pia ilinichukua muda mpaka nilipokua nakata mgomba shambani. Kata mgomba kwa kuuvuka, unaona maduara. Ukikata mshazari maduara yanakua marefu kama yai, ukiupasua kwa urefu unabaki na mistari iliyonyooka, na mgomba ni uleule! Ardhi nayo ni panga. Mabonde na vilima vinakata matabaka kwa namna tofauti, kinachochorwa kwenye ramani ni alama ya mkato tu. Ndo maana tabaka lililolala flati mstari wake unazunguka vilima sambamba na kontua, yaani mistari ya mwinuko sawa, lililosimama wima linapita juu ya bonde na kilima limenyooka kama reli, na lililoinama likivuka bonde linachora V. Mara nyingi ncha ya V inaelekea kule tabaka linakozama, ila kama bonde linashuka upande uleule tena kwa ukali kuliko tabaka, V inageuka inaelekea juu ya mto, kwa hiyo soma na T usitegemee V peke yake. William Smith, Mwingereza aliyekua anapima njia za mifereji, alisoma matabaka hivi kwa miaka mingi mpaka akatoa ramani ya jiolojia ya Uingereza na Wales mwaka 1815, akiwa mtu mmoja, mimi hilo linanishangaza mpaka leo.

Huku kwetu ramani zinanoga sana kwa sababu tuko kwenye mpaka wa vitu viwili tofauti kabisa. Panda basi Moshi kwenda Same. Moshi unaacha lava na majivu ya Kilimanjaro, kwenye ramani lava zake zinashuka kama ndimi kutoka juu, na vile vilima vidogo vya volkano vya upande wa Rombo vimejipanga kwa mistari, ishara kwamba chini kuna nyufa ambazo moto ulipitia. Ukifika milima ya Pare ni habari nyingine, miamba ya zaidi ya miaka milioni 500, imepikwa na kukunjwa huko chini sana kabla ya kupanda juu. Mererani ni ukoo huohuo wa miamba, tanzanaiti imo kwenye matabaka yaliyokunjwa na kukatika vipande vipande, ndo maana wanaApolo wawili, yaani wachimbaji wa kule, mashimo jirani, mmoja anapata na mwenzake anachimba mawe matupu.

Turudi kwa ndugu yangu. Tuseme tabaka analolitaka limejitokeza umbali wa mita 300 kutoka kiwanja chake, upande wa mlimani, kijiti cha T kinaelekea kwake na namba ni 10. Kama ardhi ingekua tambarare, 300 zidisha tangenti ya digrii 10, unapata karibu mita 53, hapo ndo angelikuta. Lakini Meru inateremka, kama kiwanja kiko mita 20 chini ya pale tabaka lilipojitokeza unatoa hizo 20, inabaki 33. Hesabu ya sekondari tu! Alivyoiona akataka kupiga simu ya mashine palepale, nikamwambia subiri kwanza, lava sio bati la kiwandani, inanenepa, inakonda, inaishia katikati, na kule Momella vilima vyote vile ni vipande vya mlima wenyewe ulioporomoka upande wa mashariki, huko hakuna tabaka la kufuata. Kwa hiyo aende kwa majirani wenye visima awaulize mashine ilipita kwenye nini na kwa mita ngapi, alinganishe na hizo 33.

Halafu kuna floraidi, hii naisema kwa uchungu maana watoto wetu wanaota meno ya kahawia. Miamba ya volkano ya Meru inaachia floraidi kwenye maji, na ramani itakuonyesha kama uko juu ya miamba hiyo ila haitakwambia kisima chako kitatoa miligramu ngapi. Kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Nimemwambia kabla hajatoa hela ya mashine, achukue chupa safi aombe maji ya kisima cha jirani apeleke maabara, na chake kikitoka apime tena.