Kumuuliza mama kama anapigwa nyumbani: dhana potofu na ukweli

Dhana: Kila mwanamke anayefika kituo cha afya lazima aulizwe kama anapigwa.
Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013 haupendekezi hivyo. Mhudumu huuliza anapoona dalili: jeraha lisiloendana na maelezo, maumivu ya muda mrefu yasiyojulikana chanzo, sonona, magonjwa ya ngono yanayojirudia. Kliniki ya wajawazito imepewa uzito wa pekee, mradi pawepo faragha, mhudumu aliyefunzwa na mahali pa kumpeleka mama. Vikikosekana hivyo, swali linaweza kumponza.

Dhana: Akija na mumewe, waulizwe pamoja.
Hapana kabisa. Wala mbele ya mama mkwe, wifi, au mtoto aliyezidi miaka 2. Tanzania wanaume huhimizwa kusindikiza wake zao kliniki kwa ajili ya kipimo cha VVU, kwa hiyo nafasi itafutwe mama anapopimwa tumbo au kutoa mkojo. Majibu yasiandikwe kwenye kadi anayorudi nayo nyumbani. Kosa hili ni la kawaida, na malipo yake ni kipigo kingine.

Dhana: Ukimuuliza, utamuudhi.
Wengi hawaudhiki wakiulizwa kwa upole. Swali “Unafanyiwa ukatili?” halifiki mbali, maana wengi hawayaiti hivyo yanayowapata. Taja vitendo: “Mwenzako amewahi kukupiga, kukusukuma, kukutishia? Unamwogopa?” Akikataa, usimbane, mwache ajue mlango uko wazi.

Dhana: Akikiri, mwambie aondoke kwa mumewe siku hiyo hiyo.
Kuondoka ndiko mara nyingi huzidisha hatari. Kwanza pima hatari: kipigo kimezidi ndani ya miezi 6? Mume ametumia silaha au kumtishia nayo? Amewahi kumkaba koo? Amempiga akiwa mjamzito? Ana wivu mkali usiokoma? Mama anaamini mume anaweza kumuua? “Ndiyo” 3 au zaidi ni hatari kubwa ya karibu. Asirudi nyumbani kabla hamjapanga pamoja pa kulala, nauli na mtu wa kumpigia simu. Uamuzi unabaki wake.

Dhana: Bila PF3 hakuna matibabu.
PF3 ni fomu ya polisi, ni kwa ajili ya ushahidi, si sharti la matibabu. Aliyebakwa, hata na mumewe, aanze dawa za kuzuia VVU ndani ya saa 72, mapema kadiri iwezekanavyo, na vidonge vya dharura vya kuzuia mimba ndani ya siku 5. Akitaka kushtaki, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi litamhudumia akishatibiwa.