Mporomoko wa volteji katika roboti zenye mota za servo

Mporomoko wa volteji ni hali ambapo volteji inayovifikia vifaa vya saketi hushuka chini ya kiwango kinachohitajika, iwe kwa kitambo kifupi au kwa muda mrefu, ilhali chanzo chenyewe cha umeme hakijazimika wala waya haujakatika. Katika roboti ndogo za kujiundia, hasa zile zinazotembezwa na mota za servo, yaani mota zinazogeuka hadi pembe iliyoagizwa, hali hii ndiyo inayosababisha hitilafu nyingi ambazo mtengenezaji huanza kuzitafuta kwenye programu: mkono wa roboti unanyanyuka nusu kisha bodi ya kielektroniki inayouongoza inajiwasha upya, servo zinatetemeka ingawa hazijaagizwa kusogea, au mawasiliano ya Bluetooth yanakatika kila mguu unapokanyaga chini. Programu hiyo ikisomwa mstari kwa mstari haitaonyesha kosa, kwa sababu kosa halimo humo.

Asili ya jambo hili ni kanuni aliyoichapisha Georg Ohm mwaka 1827, kwamba volteji inayopotea kwenye kipande chochote cha saketi ni sawa na mkondo unaopita humo ukizidishwa kwa ukinzani wa kipande hicho. Betri ina ukinzani wake wa ndani, na waya, swichi na kila mahali plagi inapogusana na pini pana ukinzani pia. Tuchukue betri 4 za AA za alkali zinazotoa volti 6 zikiwa hazina mzigo, na tuseme ukinzani wote wa njia, kuanzia ndani ya betri hadi kwenye servo na kurudi, unafikia omu 1. Mkondo ukiwa ampea 0.1, volteji inayopotea ni volti 0.1 tu na hakuna atakayeiona. Mkondo ukipanda hadi ampea 2, zinapotea volti 2, na servo pamoja na bodi iliyounganishwa nayo zinabaki na volti 4. Multimita (chombo cha kupimia umeme) iliyosoma volti 6 kabla ya roboti kusogea haikudanganya, ila ilipima wakati ambapo hapakuwa na kifaa kilichokuwa kikidai umeme. Ni jambo lile lile linalofanya taa za gari zififie pale starta inapozungushwa.

Kwa nini basi servo zidai mkondo mkubwa kiasi hicho? Ndani ya servo ya kawaida mna mota ndogo ya umeme wa mkondo mnyoofu, gia za kupunguza mwendo, potenshiometa inayopima pembe ya mhimili, na saketi inayolinganisha pembe hiyo na ile iliyoagizwa. Mota inapozunguka huzalisha volteji yake inayopingana na ile inayoisukuma, na upinzani huo ndio unaopunguza mkondo. Mota ikiwa imesimama haina upinzani huo, kwa hiyo kinachozuia mkondo ni ukinzani wa koili peke yake, ambao ni mdogo. Ndiyo maana mkondo hufika kileleni katika nyakati mbili: mota inapoanza kuzunguka, na mota inapozuiwa na mzigo ulioishinda nguvu. Servo ndogo ya SG90 hutumia miliampea chache ikiwa imetulia na miliampea 100 hadi 250 ikizunguka, lakini ikikwamishwa huvuka 600. Servo kubwa zaidi ya MG996R, ikiwa kwenye volti 6, huweza kuvuta ampea 2.5 inapokwama.

Jambo la kuogofya zaidi ni kwamba servo nyingi huanza kwa pamoja. Roboti inapowashwa, programu huzituma zote kwenye nafasi zake za mwanzo kwa mkupuo, na kila moja hukimbilia huko kwa nguvu zake zote. Roboti ya miguu 6 yenye servo 18 inaweza katika kitambo hicho cha kuamka kudai mkondo mkubwa kuliko wowote itakaoudai tena siku nzima. Hivyo roboti inayojizima sekunde ya kwanza, lakini ikisaidiwa kwa mkono kukaa karibu na mkao wake wa mwanzo inaamka vizuri, tayari imekwisha kutoa dalili muhimu.

Bodi nayo hufa kwa namna tofauti kulingana na chipu yake. Chipu ya ATmega328P iliyomo kwenye bodi ya Arduino Uno huendeshwa kwa megahazi 16, kasi ambayo kwa mujibu wa mtengenezaji inahitaji takriban volti 3.8 au zaidi, ilhali kinga yake ya volteji ndogo, kama Uno inavyouzwa, imewekwa ichukue hatua kwenye volti 2.7. Kati ya viwango hivyo viwili pana eneo la mashaka ambamo chipu haijizimi lakini inaendesha maagizo nje ya mipaka iliyothibitishwa, na humo ndimo hutokea vituko ambavyo havirudiwi mara mbili kwa namna moja. Chipu ya ESP32 ni nyoofu zaidi: ikigundua mporomoko hujiwasha upya na kuandika kwenye mawasiliano ya siriali, yaani maandishi ambayo bodi huyatuma kwenye kompyuta, ujumbe wenye neno Brownout (mporomoko wa volteji kwa Kiingereza), na programu yenyewe inaweza kuuliza sababu ya kuwashwa upya kwa kutumia esp_reset_reason. Raspberry Pi, ambayo ni kompyuta ndogo kamili, hutoa onyo la alama ya radi kwenye skrini umeme wake wa volti 5 unaposhuka chini ya takriban 4.63, na amri ya vcgencmd get_throttled hueleza kama hali hiyo imewahi kutokea tangu mashine iwashwe. Kwa Uno, njia rahisi ni kuandika mstari mmoja wa siriali mwanzoni kabisa mwa programu. Mstari huo ukijitokeza tena katikati ya kazi, bodi imeanza upya, na hapo mtu ana ushahidi badala ya dhana.

Hatua ya kwanza ya uchunguzi ni kutenganisha. Nyaya chanya za servo zichomolewe, programu iachwe iendelee kuzitumia servo mapigo yake ya amri kama kawaida. Bodi ikitulia kwa muda ambao zamani isingeuvuka, umeme ndio wa kushukiwa. Kisha servo zirudishwe moja moja, huku ikiangaliwa ni ya ngapi inayoleta matatizo.

Hatua ya pili ni kupima mahali panapostahili. Watu wengi hupima kwenye betri, wakaona volti 5.7, wakaridhika. Vidole vya multimita vinapaswa kuguswa kwenye plagi ya servo yenyewe, tena wakati mkono wa roboti umebeba mzigo. Ikiwa betri inaonyesha 5.7 na plagi inaonyesha 4.4, volti 1.3 zimepotea njiani, na zinaweza kufuatwa hadi zilipo kwa kupima kati ya ncha mbili za waya uleule huku mkondo ukipita. Waya mzuri utaonyesha karibu sifuri. Swichi dhaifu inaweza kuonyesha volti 0.6, na hapo mkosaji amepatikana bila kubahatisha. Upimaji huu ni wa dakika chache, hauhitaji chombo cha gharama, na unashangaza jinsi unavyotumiwa mara chache.

Mara nyingi anayelaumiwa ni waya mwembamba, lakini hesabu humtetea kwa kiasi. Waya wa geji 28 una ukinzani wa takriban omu 0.21 kwa mita. Kipande cha sentimita 20 cha kwenda na kingine cha kurudi hufanya omu 0.085, na kwa ampea 2 hupoteza chini kidogo ya volti 0.2. Wahalifu wakubwa huwa ni maungio: pini zilizolegea, springi za kasha la betri zilizoanza kutu, na vibanio vya ubao wa majaribio, ule wa kuchomeka nyaya bila kulehemu, ambavyo kwa kawaida havikukusudiwa kupitisha zaidi ya ampea 1 hivi. Umeme wa servo usipitishwe kwenye ubao huo hata kidogo. Mapigo ya amri yanaweza kupita humo bila shida.

Waya wa hasi unastahili kutajwa peke yake, maana husahaulika. Volteji ikipotea kwenye njia ya kurudi, hasi ya servo hupanda juu kidogo ya hasi ya bodi, na servo hulipima pigo la amri kwa kulilinganisha na hasi yake yenyewe. Pigo lililotoka kwenye bodi likiwa na volti 3.3 linaweza kufika likionekana kuwa na 2.7, kingo zake zikiyumba kila mota inaposhtuka. Kwa kuwa pembe ya servo huamuliwa na urefu wa pigo, ambao kwa kawaida ni kati ya milisekunde 1 na 2 katika kila milisekunde 20, kuyumba kidogo tu kwa kingo hizo huwa mtetemeko unaoonekana kwa macho. Hali hufikia kilele pale servo na bodi zinapopewa betri tofauti bila hasi zao kuunganishwa: amri haina msingi wa kupimiwa, na servo hurukaruka ovyo.

Multimita hata hivyo ina kikomo. Husoma mara chache tu kwa sekunde, ilhali mporomoko unaotosha kuizima chipu unaweza kudumu milisekunde chache. Mwenye osiloskopu, chombo kinachochora volteji inavyobadilika kwa kasi, aiweke ishike volteji ya bodi mara moja tu inapovuka volti 4.5 kuelekea chini, kisha aiamrishe roboti isogee.

Tiba iliyo bora ni kuwapa servo na bodi vyanzo tofauti, au regulata (vifaa vya kudhibiti volteji) mbili tofauti zinazotoka kwenye betri moja, hasi zikiunganishwa na chanya zikiachwa mbali. Pini ya volti 5 ya Uno si mahali pa kulishia servo zaidi ya moja ndogo. Ikipata umeme kupitia USB, fyuzi ya bodi imewekwa kwa miliampea 500; ikipata volti 9 kwenye tundu lake la umeme, regulata yake hugeuza zile volti 4 za ziada kuwa joto, ambalo kwa ampea 0.5 ni wati 2 kwenye kipande kidogo kisicho na bamba la kupoozea. Betri ya mraba ya volti 9 nayo haifai kwa servo, hata kama imekuja kwenye kifurushi cha roboti, kwani ukinzani wake wa ndani ni wa omu nzima au zaidi na ujazo wake ni mdogo. Betri 5 za AA za kuchajiwa za aina ya NiMH hutoa volti 6 na hustahimili mkondo mkubwa vizuri kuliko zile za alkali. Lithiamu ya seli 2 ina nguvu zaidi, ila ikijaa hufika volti 8.4, kiasi kinachozidi volti 7.2 ambazo ni mwisho wa MG996R, kwa hiyo inahitaji regulata ya kushusha volteji yenye uwezo wa ampea za kutosha.

Kapasita, kifaa kinachohifadhi chaji kidogo ya umeme, husifiwa kupita uwezo wake. Kapasita ya mikrofaradi 1000 ikitakiwa kutoa ampea 2 peke yake hushuka kwa volti 1 ndani ya milisekunde 0.5. Inafaa sana kulainisha mishtuko mifupi karibu na servo, lakini haiwezi kuziba pengo la betri dhaifu. Kuachanisha mianzo ya servo kwa milisekunde 100 hivi ndani ya programu husaidia kuliko kapasita kadhaa, tena hakuongezi uzito.

Ipo hali moja ambayo programu ndiyo mkosaji wa umeme. Servo ikiagizwa pembe iliyo nje ya kikomo cha gia zake, husukuma ukuta bila kukoma, ikivuma na kuvuta mkondo wa kukwama hata roboti ikiwa imesimama kimya. Chanzo kikubwa zaidi cha umeme hapo kitaichoma mota haraka zaidi. Kinachotakiwa ni kusogeza urefu wa mapigo ya kila mwisho kuelekea katikati kwa mikrosekunde 10 au 20 kila mara hadi mvumo uishe, kisha kuandika vipimo hivyo kwenye programu kama mipaka ya servo hiyo, kwa kuwa hata servo mbili za aina moja hazilingani.