Kifaa Usichokijua Kwenye Waifai Yako: Anza na Nyumba Kabla ya Jirani

Swali ninaloulizwa sana na wateja wangu hapa Kisumu huja na picha ya skrini. Mtu amefungua ukurasa wa ruta yake, nyumbani wako watu wanne, lakini orodha ina vifaa kumi na vinne. Katikati yake kuna jina kama "Espressif" au "Hon Hai", au hakuna jina kabisa, ni herufi na tarakimu tupu. "Huyu ni nani?" Na mara nyingi anayeuliza tayari ana mtu kichwani: jirani wa mlango wa pili, mpwa aliyekuja likizo, dada wa kazi.

Kazi yangu ni kufunga mitandao ya nyumbani, Migosi, Tom Mboya, Mamboleo mpaka kule Riat. Nimeona majirani wa ploti moja wakiacha kusalimiana, na mfanyakazi wa nyumbani akifukuzwa, kwa sababu ya kifaa ambacho kilikuwa cha mwenye nyumba mwenyewe. Inaniuma, kwa sababu swali lile lina jibu, na jibu hupatikana kwa subira ya jioni moja. Orodha ya ruta haitaji watu. Inataja vipande vya elektroniki, na kuisoma bila kujua hilo ndiko kunakozaa lawama.

Kwanza, orodha yenyewe inatoka wapi. Kila kifaa kinachojiunga na waifai huomba anwani kutoka kwa ruta, na ruta huandika mambo matatu: anwani ya IP iliyokipa (namba yake ndani ya mtandao wako), jina ambalo kifaa kimejitaja, na anwani ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kipande chake cha mtandao. Jina usilitegemee. Kifaa hujitaja kinavyotaka, na mwenye simu anaweza kulibadilisha likawa lolote. Vingine havijitaji kabisa.

Anwani ya MAC ndiyo yenye habari. Ni jozi sita za herufi na tarakimu, kwa mfano inayoanza na 24:0A:C4. Jozi tatu za mwanzo hutolewa kwa kampuni na IEEE, chama cha wahandisi chenye makao Marekani, na orodha hiyo iko wazi kwa yeyote kuitafuta mtandaoni. Hizo za 24:0A:C4 ni za Espressif. Sasa angalia nyumbani kwako kote: hakuna chombo ulichonunua chenye jina Espressif kwenye boksi. Ni kampuni ya Shanghai inayotengeneza chipu za waifai, na chipu zake zimo ndani ya balbu zinazowashwa kwa simu, soketi za aina hiyo, swichi, na vifaa vingi vidogo vya bei nafuu vyenye majina ya biashara tofauti kabisa. Hon Hai ni kampuni ya Taiwan ambayo wengi wanaijua kama Foxconn. Huunda vyombo kwa niaba ya wengine, hivyo jina lake hujitokeza kwenye laptopu, printa, hata PlayStation ya mtoto wako. AzureWave na Liteon vivyo hivyo. Ni sawa na kusoma YKK kwenye zipu ukadhani ndilo jina la aliyevaa suruali.

Simu ndizo zinazochanganya zaidi. Tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu haitoi anwani yake halisi inapojiunga na waifai. Hubuni nyingine, ili maduka na hoteli zisiweze kumfuatilia mwenye simu kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. Ni jambo zuri kwa faragha yako, ila ruta ikitafuta jina la kampuni haipati kitu, na inakuandikia "Unknown". Hapo ndipo watu wengi huanza kushtuka.

Kuna alama moja inayofichua anwani za kubuni, na ninaomba kila anayesoma aikariri. Tazama herufi ya pili ya jozi ya kwanza. Ikiwa ni 2, 6, A au E, anwani hiyo imebuniwa na kifaa chenyewe. B6 ni ya kubuni. 24 ni ya kiwandani. Sababu ni kwamba biti moja kwenye jozi hiyo imetengwa kuonyesha kama anwani ilitoka kwa kampuni au ilitungwa papo hapo. Kwa hiyo "Unknown" yenye B6 karibu kila mara ni simu au tabuleti, na kabla ya kumfikiria jirani, fungua mipangilio ya waifai kwenye kila simu ya nyumbani usome anwani inayotumia kwenye mtandao huo. Kila simu inakuonyesha.

Tena simu hubuni anwani tofauti kwa kila jina la waifai. Ukiwa na ruta inayotangaza majina mawili, lile la kawaida na lile lililoongezwa 5G mwishoni, simu moja iliyopita kote kuwili itaonekana kama simu mbili. Familia ya simu nne inaweza kujaza mistari minane bila mgeni hata mmoja. Laptopu nayo ina anwani moja ya waifai na nyingine ya kebo.

Jambo jingine: kuwa kwenye orodha si kuwa hewani. Ruta hukipa kifaa anwani kwa muda, mara nyingi saa ishirini na nne, na nyingi huendelea kukionyesha mpaka muda uishe. Mgeni wa jana mchana bado yumo leo asubuhi. Tafuta ukurasa unaoonyesha vilivyounganishwa sasa hivi, au zima ruta uiwashe, kisha usubiri. Na ukurasa huo uusome kwenye ruta yenyewe. Anwani yake iko kwenye stika nyuma ya ruta, kwa kawaida 192.168.1.1 au 192.168.100.1. Programu za simu za kuchunguza waifai zinasaidia kidogo, lakini simu za kisasa mara nyingi hazizipi ruhusa ya kusoma anwani za MAC za wengine, kwa hiyo zinabaki kukisia.

Ukishaelewa hayo, chukua kalamu uzunguke nyumba. Anza na vitu vinavyosahaulika: dekoda, kisanduku cha kamera za ulinzi, printa, spika, simu kuukuu ambayo watoto wanachezea, taa ya uani, saa ya mkononi. Kisha zima kimoja kimoja, ukiangalia orodha baada ya kila kimoja. Kinachotoweka, kipe jina. Ruta nyingi zinakuruhusu kuandika jina lako mwenyewe kando ya anwani. Fanya hivyo, maana hutataka kurudia kazi hii.

Stima ikipotea na ruta yako iko kwenye betri ndogo, una bahati. Vyote vinavyotegemea umeme wa ukutani vimejiondoa vyenyewe. Vinavyobaki hewani vina betri au viko kwenye sola.

Sola ndiyo iliyotoa jibu katika nyumba moja ya Mamboleo, ya mwalimu mstaafu aliyekuwa ameshawishika kwamba kijana wa nyumba ya nyuma anamwibia intaneti. Ruta yake ilikuwa na uzuri mmoja, ilionyesha nguvu ya mawimbi ya kila kifaa na data iliyotumika. Kile kigeni kilikuwa na jina la tarakimu tupu na mawimbi ya -74 (namba ikikaribia sifuri, mawimbi yana nguvu zaidi). Nilimwomba tunywe chai tukitazama. Simu yake alipotoka nayo jikoni kwenda sebuleni ilitoka -45 ikaenda -60, ikarudi. Kile kigeni hakikusogea. Dakika zikapita, kikabaki palepale, kikipanda na kushuka kidogo sana. Simu ya mtu haikai hivyo. Hicho kilikuwa kitu kilichofungwa mahali.

Data nayo ilisema. Mtu anayetazama mpira au filamu kwa waifai ya mwenzake hula gigabaiti moja au zaidi kwa saa. Hiki kilituma punje ya data, kikanyamaza, baada ya dakika chache kikatuma punje nyingine ya kiasi kilekile. Hiyo ni tabia ya kifaa kinachopeleka ripoti. "Mwalimu," nikamwuliza, "inveta ya sola iko wapi?" Ilikuwa stoo. Chini yake palikuwa na kijiti cha ukubwa wa flashi kinachomwekamweka taa ya kijani. Nilikichomoa, tukarudi kwenye skrini, tukaburudisha ukurasa. Kigeni kimeondoka. Nilipokirudisha, nacho kikarudi. Mwalimu akakumbuka hapo hapo: mafundi waliofunga sola walimwomba neno la siri la waifai, akawapa, wakamaliza wakaenda. Kijiti kilikuwa kikipeleka hesabu za umeme kwenye seva ya kampuni ya inveta, kama kilivyoundwa kufanya.

Mzunguko ukiisha na bado kuna kisichojulikana, programu iitwayo Nmap kwenye kompyuta itakuonyesha milango gani (port, njia zenye namba ambazo kifaa hupokelea mawasiliano) kifaa kimeacha wazi. Mlango 554 kwa kawaida ni kamera, 9100 ni printa. Tumia hilo kwenye mtandao wako tu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mitandaoni inakataza kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini, na inamhusu anayechokora ruta ya jirani sawasawa na jirani anayechokora yako.

Kuna wakati mgeni ni mgeni kweli. Asiogopwe kupita kiasi: M-Pesa ya menyu ya laini haipiti kwenye waifai, na ujumbe wa WhatsApp umefungwa kutoka simu hadi simu. Kinachonitia wasiwasi ni kisanduku cha kamera kilichobaki na neno la siri la kiwandani. Aliye ndani ya waifai yako anaweza kukifikia na kutazama sebule yako. Badilisha neno hilo leo, na lile la kuingilia ruta pia.

Jinsi neno la waifai linavyotoka nje kwa kawaida si ufundi wowote. Android huonyesha mraba wa QR wa kushiriki waifai, na ndani ya mraba ule neno la siri limeandikwa wazi. Mgeni mmoja akiupiga picha, wote anaowatumia wanalo. Stika ya ruta iliyo dirishani hufanya kazi hiyohiyo. Na kama ruta yako bado ina WPS ya tarakimu nane, njia ya kujiunga kwa namba fupi badala ya neno la siri, izime. Udhaifu wake ulitangazwa mwaka 2011, kwamba tarakimu hizo huhakikiwa kwa vipande viwili, hivyo majaribio 11,000 yanatosha badala ya mamilioni.

Usihangaike kuzuia anwani ya MAC ya mgeni. Simu ikibuni nyingine, kizuizi chako kimebaki kikilinda mlango usio na mtu. Badilisha neno la siri, liwe refu, chagua WPA3 au WPA2 kwenye mipangilio ya usalama wa waifai, na wageni wafungulie mtandao wao wa pembeni kama ruta yako inao.

Fanya hivyo siku ambayo uko nyumbani, kwa sababu kila chombo kitatoka na itabidi ukirudishe kwa mkono, na balbu, soketi na kijiti cha inveta kwa kawaida hukubali masafa ya waifai ya GHz 2.4 pekee, si yale ya 5. Usikimbilie kuvirudisha vyote usiku huohuo. Acha siku mbili uone kinacholalamikiwa: taa ya uani isiyoitikia simu, grafu ya sola iliyosimama, mtoto anayesema mchezo haufunguki. Kila lalamiko ni mstari mmoja wa orodha ya zamani uliopata mwenyewe. Mstari ambao haurudi, na hakuna mtu wa nyumbani anayeuulizia, ndio uliokuwa wa nje.