Jenereta imefaulu majaribio yote, na bado si salama

Wiki hii nimeletewa tena ripoti ile ile: jenereta ya namba nasibu, yaani programu ya kutoa namba zisizotabirika za kutengenezea funguo za siri, imefaulu majaribio yote ya takwimu, kwa hiyo ni salama. Nimelisahihisha hili kwa mdomo mara nyingi mno, leo naliandika.

Chukua AES, kanuni maarufu ya kusimba data, ipe ufunguo wa sifuri tupu, kisha usimbe 0, 1, 2, 3 na kuendelea. Namba zitakazotoka zitafaulu majaribio hayo yote. Nami nikikaa kwangu nitazipata zile zile, biti kwa biti, maana hakuna siri yoyote ndani yake. Takwimu zinatafuta mpangilio unaoonekana. Mshambuliaji anatafuta kitu kingine: mbegu, yaani namba ya siri ambayo jenereta inaanzia, ni moja kati ya ngapi?

Kwa Debian, toleo moja la mfumo wa Linux, mbegu zilikuwa chache mno. Mwaka 2006 Valgrind, programu ya kutafuta makosa ya kumbukumbu, ililalamika kwamba OpenSSL, maktaba ya usimbaji inayotengeneza funguo, inatumia kumbukumbu ambayo haijajazwa kitu. Mtunzaji wa kifurushi hicho huko Debian akaondoa mistari miwili ya msimbo. Mmoja haukuwa na faida kubwa. Wa pili ndio uliokuwa ukiingiza nasibu yote kwenye jenereta! Kilichobaki kutofautisha ufunguo na ufunguo kikawa namba ya mchakato, ile ambayo mfumo huipa kila programu inayoendeshwa, ambayo kwa kawaida kwenye Linux haikuvuka 32,768. Funguo za RSA za biti 2048 ziliendelea kutoka, ndefu, zisizo na dosari machoni, na kwa kila aina ya mashine zilikuwa elfu 32 na ushei tu. Unazitengeneza zote, unazipanga kwenye faili, unajaribu mmoja mmoja. Luciano Bello ndiye aliyegundua, na tangazo likatoka Mei 2008.

Linaloniuma zaidi ni kwamba wapo wanaodhani hadi leo kuwa zilizoharibika ni funguo zilizozaliwa kwenye mashine zile peke yake. Sivyo. DSA, njia ya kutia sahihi za kidijitali, inahitaji namba mpya ya siri kwa kila sahihi. Namba hiyo ikikisiwa kwa sahihi moja tu, ufunguo wa siri unapatikana kwa kuzidisha, kutoa na kugawanya kwa moduli. Kwa hiyo ufunguo uliozaliwa mahali salama kabisa, ukatia sahihi mara moja kwenye Debian ile, ulikuwa umekwisha. Sony nao kwenye PlayStation 3 walirudia namba ile ile katika kila sahihi. Mwaka 2010 ikaonyeshwa hadharani kwamba sahihi mbili zinatosha kuutoa ufunguo wao.

Kwa kazi za kila siku omba namba kwa kaneli, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, kupitia wito wake wa getrandom, na saa ya mashine usiifanye mbegu.

Hata hapo sina uhakika wote. Kifaa kidogo kinachowaka kwa mara ya kwanza, bila diski wala kibodi, hukadiria tu kiasi cha nasibu kilichokusanya, na makadirio hayo sijapata njia ya kuyathibitisha nikiwa nje. Seva pepe, yaani kompyuta ya kiprogramu ndani ya mashine nyingine, ikinakiliwa ikiwa inafanya kazi, jenereta za nakala mbili zinaweza kuanza na hali moja na kutoa namba zile zile.

Ripoti nimeirudisha na ombi moja: nionyesheni mstari ambao mbegu inaingilia.