Tiba ya mazungumzo mtandaoni: kabla ya kuuliza kama inakufaa, uliza utaongelea wapi

Nusu ya vikao vyangu vya ushauri nasaha siku hizi navifanya kwa video au simu. Nikisema hivyo, nasikia moja ya mambo mawili: "Hiyo nayo ni tiba?" au "Afadhali, sitahitaji kutoka chumbani." La kwanza nimelizoea. La pili ndilo linalonikosesha raha, maana mtu akishaamini kwamba ni tiba ileile ya ofisini iliyopunguziwa safari, haulizi tena yale ya kuulizwa.

"Ni tiba ya kubahatisha, ya wasiopata ile ya kweli."

Si kweli, wala si jambo la jana. Mwaka 1959 Taasisi ya Saikiatria ya Nebraska, Marekani, ilikuwa tayari ikitumia televisheni ya kuonana pande mbili. Mwaka 2018 mwanasaikolojia wa Sweden, Per Carlbring, na wenzake walikusanya tafiti 20 zilizolinganisha tiba ya utambuzi na tabia (inayomfunza mtu kubadili fikra na mienendo inayomdhuru) kupitia intaneti na ile ya ana kwa ana, kwa watu wenye sonona, hofu za ghafla, woga wa kuwa mbele za watu na matatizo mengine kadhaa. Kwa jumla matokeo yalilingana. Lakini angalia kilichopimwa: tiba yenye mpangilio, yenye masomo na mazoezi, na mtu aliyefunzwa anayefuatilia kazi ya mgonjwa na kumjibu. Usiichukue habari hiyo ukaipachika kwenye kila kitu kinachojiita tiba mtandaoni.

"Basi programu yoyote ya simu inatosha."

Programu isiyo na mtu nyuma yake huanzwa na wengi ikamalizwa na wachache. Mtu wa kukuuliza "wiki hii imekwendaje?" ana uzito kuliko tunavyodhani. Na kuhisi umesikilizwa si sawa na kuwa na mtu aliyebeba dhamana yako. Joseph Weizenbaum, mtaalamu wa kompyuta wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, aliliona hilo mapema: mwaka 1966 alichapisha maelezo ya programu yake ELIZA, iliyokuwa ikigeuza maneno ya mtumiaji kuwa maswali, na alishtushwa na jinsi watu walivyoifungulia mioyo ilhali haikuelewa chochote.

Kwa hiyo uliza jina kamili la atakayekuhudumia, amesomea nini, na amesajiliwa na chombo gani. Sehemu nyingi sheria hutazama pia mahali ulipo wewe, si alipo yeye tu. Akilikwepa swali hilo, achana naye.

"Nyumbani ndiko kwenye siri zaidi."

Hapa nitakaa kidogo. Nilikuwa na mteja, mama wa makamo (ameniridhia nisimulie hili), ambaye kwa vikao vitatu alinijibu "ndiyo", "hapana", "kawaida tu". Simu aliilaza chini, nikawa naona kidevu na dari. Nilidhani hajaniamini. Kikao cha nne alikuwa ndani ya gari lililoegeshwa, vioo vimepandishwa, simu ameiegemeza kwenye usukani. Alilia kabla hatujamaliza kusalimiana. Kumbe ukuta wa chumba chake ulikuwa mwembamba, na mtu aliyetaka kumzungumzia alikuwa upande wa pili wa ukuta huo, anatazama televisheni.

Tangu hapo swali langu la kwanza kwa mteja mpya ni: "Uko wapi sasa hivi, na nani anaweza kukusikia?" Kwa anayeishi na mtu anayempiga au kumpekua simu, ofisi yenye mlango wa kufungwa inaweza kuwa salama kuliko video.

Siri ina upande mwingine, upande wa kampuni. Machi 2023 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ilitangaza kwamba BetterHelp, kampuni ya tiba mtandaoni, italipa dola milioni 7.8 kumaliza madai kuwa iliwapa Facebook, Snapchat na wengine taarifa za wateja kwa ajili ya matangazo, baada ya kuahidi kuzitunza. Kampuni haikukiri kosa. Fomu ya kujiunga inapokuuliza kama umewahi kufikiria kujiua, una haki ya kujua jibu lako linakwenda wapi kabla hujaliandika.

"Mambo yakizidi, si nitampigia?"

Huenda asipokee, na akipokea yuko mbali. Mwenye mpango wa kujiua, anayesikia sauti wasizosikia wengine, au ambaye mwili umeisha kwa kujinyima chakula, anahitaji watu wa kumfikia na kumgusa, leo. Mtandao utakuja baadaye.

Hata ukiwa mtulivu, mtaalamu makini atakuuliza mwanzoni anwani ya mahali ulipo na mtu wa kupigiwa likitokea jambo. Usiudhike. Kwenye video sioni mguu unaotikisika chini ya meza, wala sisikii harufu ya pombe, na picha ikiganda katikati ya sentensi ngumu sijui kama umenyamaza au umekatika.

"Kikao cha kwanza kilikuwa kibaya, kwa hiyo hainifai."

Kimoja hakitoshi kupima. Jipe vitatu au vinne, na mwambie mtaalamu wazi kile kisichokwenda. Kubadili mtaalamu, au kuhamia ofisini, si kushindwa.

Lakini kabla ya kulipa hicho cha kwanza, kaa pale utakapokaa, siku na saa ileile. Funga mlango, kisha sema kwa sauti yako ya kawaida sentensi moja ambayo hujawahi kumwambia mtu. Ukijikuta umeshusha sauti, tafuta pengine pa kukaa, au omba miadi ya ana kwa ana.