Vichujio vya Sauti na Gitaa la Besi: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Gitaa la besi lina historia ndefu mjini Tanga. Katika miaka ya 1960 Black Star Musical Club ililiingiza katika taarabu pamoja na magitaa mengine ya umeme, na kwa upande wa dansi mji huohuo ulikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Hata hivyo, ujuzi wa kurekebisha sauti ya ala hii umerithishwa kwa mdomo zaidi kuliko kwa vipimo, na pasipo na vipimo uvumi hustawi. Mada inayoongoza kwa uvumi ni ile ya vichujio viwili: kile cha kupitisha juu, ambacho huacha masafa ya juu (masafa ni kasi ya mtetemo wa sauti, nayo hupimwa kwa hezi, yaani mitetemo kwa sekunde) yapite na kupunguza ya chini, na kile cha kupitisha chini, ambacho hufanya kinyume chake.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba kichujio cha kupitisha juu huua besi. Mpiga besi akimwona fundi mitambo anagusa kitufe hicho, hujiona ananyang'anywa haki yake mbele ya watu. Lakini tuanze na masafa ya nyuzi zenyewe. Gitaa la nyuzi 4 lililofungwa kwa mpangilio wa kawaida lina E ya hezi 41, A ya hezi 55, D ya hezi 73 na G ya hezi 98. Lile la nyuzi 5 huongeza B ya hezi 31. Chini ya hapo hakuna noti ya kupigwa, ila kuna mitikisiko mingi: kidole gumba kinachotua juu ya pikapu (kifaa kinachonasa mtikisiko wa nyuzi), kiganja kinachozima nyuzi, na jukwaa la mbao linalotikiswa na waimbaji na kulitikisa gitaa pia. Mitikisiko hiyo haina muziki wowote ndani yake, lakini inakula nguvu ya amplifaya na kuisukuma koni ya spika mbali kuliko inavyosukumwa na noti, kwa sababu kila unaposhuka oktava moja, yaani masafa yakiwa nusu, koni hulazimika kusafiri umbali mara 4 ili itoe sauti ya ukubwa uleule. Kwenye kasha la spika lenye tundu la hewa hali ni mbaya zaidi, kwani chini ya masafa ambayo kasha limetengenezewa, hewa iliyomo ndani haiwezi tena kuishikilia koni, nayo huyumba mbele na nyuma bila kuzuiwa huku msikilizaji akiambulia sauti kidogo sana. Kwa hiyo wanaodai kwamba mwenye spika kubwa hahitaji kichujio wanasahau kwamba spika kubwa nayo huungua, na bei yake ni kubwa vilevile.

Kuna jambo jingine ambalo wapinzani wa kichujio hiki hawalitilii maanani. Uzito tunaousikia katika noti ya besi hautoki kwenye masafa yake ya msingi peke yake. Uzi wa E unapopigwa bila kubanwa hutoa hezi 41, na pamoja nazo hezi 82, 124, 165 na kuendelea, na kwenye magitaa na makasha mengi ile ya 82 huwa na nguvu kuliko ya 41. Sikio la mwanadamu huikamilisha noti hata pale masafa ya msingi yanapokosekana kabisa. Ndiyo maana mtu anayesikiliza taarabu kwenye spika ndogo ya simu, ambayo haina uwezo hata kidogo wa kutoa hezi 41, bado anaifuata njia ya besi na kuiimba bila kukosea. Sasa chukua kichujio chenye mteremko (kasi ya kupunguza) wa desibeli 12 kwa oktava, desibeli zikiwa kipimo cha ukubwa wa sauti, ukiweke kwenye hezi 30: E itapungua kwa takriban desibeli 1, ambayo ni vigumu hata kuitambua, hezi 82 hazitaguswa, ilhali mtikisiko wa hezi 15 utashushwa kwa desibeli 12 na kubakiza sehemu kama 1 ya 17 ya nguvu yake. Matokeo yake ni kwamba besi husikika imara zaidi, kwa kuwa amplifaya na spika vimeachiwa kazi ya muziki tu.

Katika hesabu hizo kuna dhana nyingine inayohitaji kusahihishwa, nayo ni ile ya kudhani kwamba namba iliyoandikwa kwenye kitufe ni ukuta, kwamba juu yake kila kitu hupita na chini yake hakipiti chochote. Kichujio kinafanana zaidi na ufuko wa Raskazone, ambao maji yake huanza kwenye vifundo vya miguu na kina huongezeka hatua kwa hatua. Namba ile huonyesha mahali ambapo sauti imekwisha kupungua kwa desibeli 3, yaani nguvu yake imebaki nusu, na kasi ya kushuka kutoka hapo hutegemea mteremko: desibeli 6, 12, 18 au 24 kwa kila oktava. Kumwambia mwenzako kwamba umekata kwenye hezi 40 bila kumtajia mteremko ni kumpa nusu ya habari.

Hapa nawapa wapiga besi haki yao, kwa sababu malalamiko yao hayakuzuka hivihivi. Mikisa nyingi (mitambo ya kuchanganyia sauti) zina kitufe cha kukata chini kwenye kila chaneli, na kitufe hicho aghalabu kimefungwa kwenye hezi 75, 80 au 100, mara nyingi kwa mteremko wa desibeli 18 kwa oktava. Kimewekwa kwa ajili ya maikrofoni za waimbaji, ili kuondoa pumzi na vishindo vya kushikwashikwa. Fundi mwenye haraka, ambaye ana chaneli kumi za kushughulikia na bwana harusi amekwisha kufika, hubonyeza vitufe vyote kwa safu. Kikiwa kwenye hezi 80, E ya hezi 41 hushuka kwa takriban desibeli 17, na A na D nazo huathirika kila moja kwa kiwango chake, hivyo noti za chini hupwaya na zile za juu zikabaki na nguvu. Lawama hapo ni ya namba iliyochaguliwa. Kichujio kilekile, kikiwa na kirungu cha kuzungusha kinachoshuka hadi hezi 25 au 30, kingekuwa rafiki wa mpigaji huyohuyo.

Kuhusu kichujio cha kupitisha chini, husemwa kwamba huongeza besi. Hakiongezi chochote, hupunguza ya juu, na sikio likakosa cha kulinganishia, likadhani ya chini yamekua. Kila mwenye gitaa la besi la kawaida lisilo na betri tayari ana kichujio cha namna hii, kwani kirungu cha toni huelekeza masafa ya juu kwenye waya wa ardhi kupitia kapasita ndogo, kijenzi cha umeme kinachoyapitisha masafa hayo kwa urahisi. Ukikifunga kabisa ukiwa peke yako chumbani, sauti huwa nene na ya kupendeza. Ukifika kwenye kundi lenye fidla, kodiani, kinanda na waitikiaji, sauti hiyohiyo humezwa, kwa kuwa kinachomwezesha msikilizaji kujua noti imeanzia wapi ni mguso wa kidole kwenye uzi, na mguso huo uko juu, kuanzia mamia ya hezi hadi elfu kadhaa. Kukiweka kichujio kwenye hezi 4,000 hivi huondoa mikwaruzo ya vidole na sauti ya "shhh" ya amplifaya bila kuifuta alama hiyo ya mguso. Isipokuwa kuna aina moja ambayo kweli huinua kitu: vichujio vyenye mwinuko mdogo kwenye sehemu ya kukatia, kama vile vya magitaa ya Alembic ya Marekani na Wal ya Uingereza, ambavyo huyapa nguvu masafa ya mahali hapo kabla ya kuyashusha yaliyo juu yake, na mpigaji huvitumia kama sehemu ya sauti yake.

Wapo pia wanaovitegemea vichujio kuondoa mvumo wa umeme. Umeme wetu una hezi 50, na noti ya G inayopigwa kwenye uzi wa E ina hezi 49. Hakuna kichujio cha kupitisha juu kitakachoondoa ule na kuibakiza hii. Tafuta waya mbovu, angalia ardhi ya umeme wa ukumbini, au tumia pikapu zilizotengenezwa kufuta mvumo.

Mwisho kuna wale wanaotafuta namba moja ya kutumia siku zote. Chini ya turubai katika mitaa ya Ngamiani hakuna kuta za kurudisha sauti, na besi hutawanyika. Ndani ya ukumbi wa saruji wenye paa la bati, noti mbili au tatu hujitokeza na kuvuma kuliko nyingine. Mvumo huo kwa kawaida uko palepale zilipo noti za besi, hivyo kupandisha kichujio hadi uishe ni kuzifukuza na noti zisizo na hatia. Sogeza kasha mbali na pembe ya ukuta kwanza, kisha punguza masafa yanayovuma kwa ikwalaiza (kifaa cha kupandisha au kushusha masafa uliyoyachagua). Kichujio chenyewe kiwekwe kabla ya kompresa (kifaa kinachobana sauti inapozidi), ili vishindo visiisukume kompresa kubana noti bila sababu. Namna ya kukipanga ni kupiga noti ya chini kabisa itakayotumika usiku huo, kupandisha kirungu taratibu hadi noti ibadilike, kisha kukirudisha nyuma kidogo. Cha kupitisha chini kipangwe wakati kundi zima linapiga, mpangaji akiwa amesimama walipo wasikilizaji.