Kupooza kompyuta kwa maji: yanayosemwa na yalivyo

"Ukifunga mfumo wa kupooza kwa maji, kompyuta itakuwa baridi kuliko chumba." Haiwezekani. Maji hulichukua joto la prosesa (chipu kuu ya kompyuta) na kulipeleka kwenye rejeta, na huko feni hulipuliza nje. Chumba cha Tanga au Mombasa kikiwa na nyuzijoto 32, maji hayatashuka chini ya hapo. Wala chumba hakipati nafuu: kadi ya michoro (inayotengeneza picha za skrini) inayokula wati 300 itamwaga joto la wati 300 vilevile. Unachopata ni rejeta pana, kwa hiyo feni huzunguka taratibu na kelele hupungua.

"Rejeta yoyote inafaa." Hapa ndipo wanaoanza wanapoumia zaidi. Vifaa vinavyokaa juu ya prosesa kwa kawaida ni vya shaba, mara nyingi iliyopakwa nikeli. Ukiviunganisha na rejeta ya alumini, iwe ya bei rahisi au iliyong'olewa kwenye gari, metali hizo mbili ndani ya maji yaleyale hufanya kazi kama betri, na alumini ndiyo inayoliwa. Dawa za kuzuia kutu huchelewesha tu. Muulize muuzaji mifereji ya ndani ni ya metali gani, asipojua, usinunue.

"Maji yaliyokenekwa (yaliyosafishwa kwa kugeuzwa mvuke) hayapitishi umeme, yakivuja si neno." Yakiwa mapya hupitisha kidogo mno. Yakishazunguka huokota chembe za metali, na yakidondoka juu ya bodi hukutana na vumbi na chumvi. Maji ya bomba ndiyo usiyaguse kabisa, kwani huacha ukoko wa chokaa ndani. Kabla ya kuwasha kompyuta, ipe umeme pampu peke yake, tandika karatasi laini chini ya kila kiungo, uiache izunguke saa 24. Tangi liwe juu ya pampu, maana pampu hulainishwa na maji hayohayo na ikizunguka kavu huharibika.

"Lazima maji yapite rejeta kati ya prosesa na kadi ya michoro." Piga hesabu: joto la wati 400, maji lita 4 kwa dakika, maji yatapanda joto kwa chini ya nyuzi 2. Fuata njia fupi ya mipira ya maji.

Na maji ya rangi? Yanapendeza, lakini yale mazito yenye chembe huziba mifereji myembamba iliyo juu ya prosesa. Anza na yasiyo na rangi, yenye dawa ya kuzuia ukungu.